Binti yangu ataka kwenda maandamano ya 25 Juni. Nimzuie?

Mama_Mahamri, Mombasa (19 Juni 2025)

Assalaam alaykum, na wasio Waislamu hamjambo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni. Alfajiri nauza mahamri na mbaazi, jioni bajia na viazi karai. Binti yangu wa kwanza ana miaka 21, asoma chuo hapa hapa Mombasa. Jana usiku tukiosha vyombo akaniambia kwamba Jumatano tarehe 25 atakwenda Mapembeni, pale penye zile pembe za ndovu mjini, na wenzake kuwakumbuka vijana waliouawa mwaka jana wakiupinga Mswada wa Fedha. Hakuniomba ruhusa, aliniarifu. Nikamwambia tutazungumza, nikaenda kulala, na usingizi sikuupata.

Mwaka wa 2013 mdogo wangu wa kiume alitoka msikitini baada ya swala ya isha. Gari likasimama, wakashuka wanaume wanne wasio na sare, wakamtia ndani. Mpaka leo. Tulizunguka vituo, hospitali, mochari. Kila tulipokwenda tuliambiwa jina hilo halimo. Mamangu alizunguka miaka mitatu na picha yake ya kitambulisho kwenye pindo la leso, na kila akirudi nyumbani anapita mbele ya majirani wanaonong'ona "lisemwalo lipo". Hilo la majirani ndilo lililommaliza. Wakati ule Kenya nzima ilikuwa kimya. Waliotusikiliza ni mashirika ya haki za binadamu ya hapa kwetu, MUHURI na Haki Africa, na hayo nayo mwaka wa 2015 serikali iliyafungia akaunti za benki mpaka mahakama ikaingilia kati.

Kwa hivyo nikiwasikia vijana wa Nairobi wakidai waliotekwa warudishwe, moyo wangu wasema hatimaye kuna aliyesikia kilio cha mamangu. Halafu naliona lile gari.

Kuna jambo jingine linanisuta, na sijalisema hata kwa mume wangu. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuweka ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia, na VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Mtungi wa lita 20 kwangu haumalizi wiki. Nilipiga hesabu nikaona ama hamri nilipunguze, ama nipandishe bei, na wateja wangu ni watu wa bodaboda na wa mjengo, wanaohesabu shilingi tano. Tarehe 18 Juni mwaka jana, siku ile ile vijana walipoingia barabarani Nairobi, wabunge wakatangaza kuuondoa ushuru wa mafuta na ule wa mkate. Siku hiyo mimi nilikuwa nyuma ya karai langu. Wiki moja baadaye vijana wakapigwa risasi nje ya Bunge.

Ushuru ule haukufika kwenye mtungi wangu kwa sababu watoto wa watu walitoka. Sasa wa kwangu ataka kutoka. Nimwambie nini, kwamba watoto wa wenzangu ndio wa kufa?

Na mwezi huu wenyewe tumemwona mwalimu Albert Ojwang akikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi, akafia kituoni. Polisi wakasema alijigonga ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha alipigwa na kukabwa shingo. Juzi tu kijana anayeuza barakoa amepigwa risasi ya kichwa kwa karibu, mchana, kamera zikiona.

Nawauliza: nimzuie? Na nikimwachia, nifanye nini yasinikute yaliyomkuta mamangu? Naomba jibu la mtu mwenye mtoto, au aliyewahi kuwa huko. Siasa za vyama sizitaki.

---

Wakili_Mdogo, Nairobi (19 Juni)

Mama, pole sana kwa mdogo wako. Nitajibu upande wa sheria, maana huo ndio ninaoujua.

Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Sheria ya utulivu wa umma inawataka waandalizi wampe OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, taarifa kati ya siku 3 na 14 kabla. Hiyo ni taarifa tu, haombwi mtu ruhusa. Binti yako akikamatwa, kifungu cha 49 kinadai aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, azungumze na wakili, na afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha.

Mwaka jana nilikuwa kati ya mawakili waliojitolea kuzunguka vituo kuwatafuta waliokamatwa. Niliyoyaona huko ndiyo haya. Simu hunyang'anywa kwanza, kwa hivyo nambari ya mzazi na ya wakili ziandikwe mkononi kwa kalamu ya wino, juu ya kiwiko, si kiganjani ambako jasho hufuta. Wewe ujue amevaa nini siku hiyo, rangi ya viatu hadi hijabu. Jina uwe nalo kama lilivyo kwenye kitambulisho, maana wazazi wengi walikuwa wakiuliza jina la nyumbani na kuambiwa hayupo, kumbe yumo. Mkubaliane saa za kupigiana. Saa ikipita, usingoje asubuhi. Wale waliofika kituoni na wakili usiku ule ule ndio waliowaona watoto wao mapema.

Wakikuambia hayumo, usiondoke mikono mitupu. Piga ripoti ya mtu aliyepotea uchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Kwa nambari hiyo wakili anakwenda Mahakama Kuu kuomba amri kwamba anayemshikilia amlete mbele ya jaji, na kifungu cha 25 kinasema haki hiyo haiwekewi mipaka hata kidogo.

Sitakudanganya kwamba amri hizo hutiiwa daima. Kufikia Desemba mwaka jana, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu waliotekwa tangu Juni, na 29 kati yao hawakujulikana waliko. Mapema Januari kadhaa walirudi, baada ya wiki za kelele mitaani na mahakamani. Kelele zile zilianzishwa na wazazi.

---

Mtumba_Nakuru (20 Juni)

Mama, mimi nasema mzuie, na wenzangu mnivumilie.

Nauza nguo na viatu. Mwaka jana jioni ya tarehe 25 duka langu lilivunjwa, nikabaki na rafu na vioo. Hawa hawakuwa wale vijana walioimba wimbo wa taifa mchana. Wale niliwaona wakipita na bendera, wakawapa polisi maji ya chupa. Waliokuja jioni walikuja na mikokoteni. Mkopo wa chama chetu cha akiba nalipa mpaka leo, na mke wangu alirudi kijijini na watoto kwa muhula mzima kwa sababu karo haikuwepo.

Sina chuki na vijana. Nilikuwa siutaki mswada ule kama wewe. Ila risasi haimuulizi mtu kama alikuja na bango au na mkokoteni. Tume hiyo hiyo aliyoitaja wakili ilihesabu waliokufa mwaka jana kufikia 60. Hao wote walikuwa na haki yao ya kifungu cha 37.

Nina binti wa miaka 19. Nimemwambia ajisajili, 2027 si mbali, apige kura. Hilo tu ndilo naweza kumruhusu na bado nikala chakula cha usiku.

---

Mama_Mahamri, Mombasa (20 Juni)

Baba Nakuru, nimekusoma mara mbili. Pole kwa duka, na pole kwa shemeji. Mtu aliyejenga kibanda chake ubao kwa ubao ajua ulichopoteza.

La kura, nilipiga 2022, foleni kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Wabunge wale tuliowachagua kwa foleni ndio waliosema ndio kwa mswada, 204 dhidi ya 115 uliposomwa mara ya pili, na 195 dhidi ya 106 siku ya mwisho, watu wakiwa tayari nje ya ukuta. Rais aliukataa kesho yake, damu ikiwa bado barabarani. Ningekuwa na njia ya kusema kwamba kura yangu ndiyo iliyoukataa, ningemwambia binti yangu akae nyumbani na roho yangu ingetulia.

Wakili, umenikumbusha kitu. Mamangu alikuwa na nambari za OB. Aliziandika kwenye daftari la shule.

---

Bi_Mstaafu (20 Juni)

Mwanangu, mimi nina miaka 67 na nimerudi kuishi Mji wa Kale baada ya kazi. Mwaka wa 1992 nilikuwa karani Nairobi, nikipita pembeni mwa Uhuru Park kila siku.

Mwisho wa Februari mwaka ule wakaja kina mama wazee, wengi wametoka vijijini, wakakaa chini pale pembeni ya bustani wakasema hawali mpaka watoto wao waliofungwa kwa siasa waachiliwe. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Siku za kwanza tuliokuwa na kazi za ofisi tulipita mbali, tukitazama viatu vyetu. Nakueleza kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Siku ya nne au ya tano polisi wakaja na marungu na gesi. Wangari alipigwa mpaka akazimia. Wale wazee wakavua nguo mbele ya askari. Wewe ni mtu wa Pwani lakini wajua mwanamke wa umri wa mamako kukuvulia nguo ni laana gani. Kuna askari waligeuza nyuso.

Walihamia kanisa la All Saints hapo karibu, wakakaa karibu mwaka mzima. Nilianza kuwapelekea chai na mkate Ijumaa, nikitoka kazini. Mmoja alinifundisha kufuma kiondo. Mapema 1993 wafungwa wakatoka. Pembe ile ya bustani watu wakaiita Freedom Corner.

Nakuhadithia haya kwa sababu umeuliza kama vile kuna njia mbili, mtoto aende au mama azuie. Wale hawakuwa na mtoto wa kumzuia, alikuwa tayari ndani. Kina mama ndio waliotoka. Wewe mamako alizunguka miaka mitatu peke yake, na hilo ndilo kosa letu sisi tuliobaki majumbani. Akienda binti yako, wazazi wa wenzake ni akina nani? Mnajuana? Watafute kabla ya Jumatano.

---

Kijana_Likoni (21 Juni)

Shikamoo mama, shikamoo bibi.

Mimi nilikuwa Moi Avenue mwaka jana, Mombasa hii hii. Mamangu alinikataza kabisa, akaficha viatu. Nikamwambia naenda Kongowea kumchukulia mzigo mjomba, nikavuka feri na ndara. Tulitembea, tukaimba, ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa mjini. Halafu vitoza machozi vikaanza, watu wakatawanyika, nikaanguka kwenye mtaro nikavunjika kifundo cha mguu.

Mama, kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuna mtu duniani aliyejua niko wapi. Simu ilizima. Mama alikuwa akimpigia mjomba, mjomba amwambia hajaniona wiki nzima. Nilifika nyumbani saa nne usiku nimebebwa na mtu wa mkokoteni, nikamkuta mama amekaa mlangoni hata taa hajawasha. Hakunigombeza. Hilo sijalisahau.

Binti yako amekuambia ukweli. Ukimzuia anaweza kukutii, au anaweza kufanya kama mimi.

---

Mama_Mahamri, Mombasa (24 Juni)

Nimezungumza naye. Nilimhadithia habari za mjombake tangu mwanzo. Alikuwa na miaka tisa, tulimwambia amesafiri Dubai kutafuta kazi, na miaka yote hii akijua ni uongo akitungoja tuseme. Tukalia wote wawili jikoni.

Nimepata nambari za wazazi sita kati ya wanane wa kundi lao. Mmoja ni baba mwenye tuktuk, amesema atakaa karibu na Posta tangu saa nne. Nambari nimemwandikia mwenyewe mkononi, juu ya kiwiko kama ulivyosema wakili, na nitazirudia asubuhi. Amekubali saa nane atanipigia, na saa kumi na mbili awe ndani. Baba Nakuru, usinione mbaya. Nimekusikia, na usiku huu sili.

---

Mama_Mahamri, Mombasa (25 Juni, saa nne usiku)

Amerudi. Saa kumi na mbili na robo, sauti imekauka, amelala sasa na viatu.

Tangu asubuhi nilikuwa mbele ya televisheni, karai sikuwasha. Mchana Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru maandamano yasionyeshwe moja kwa moja, NTV na KTN zikazimwa nikiangalia. Kioo cheusi. Hapo ndipo nilipojua mamangu alivyokuwa akihisi, kutafuta mtu mahali ambapo wamekuzimia taa. Wale wazazi sita tukashikana kwenye simu mpaka saa nane yake ilipofika akapiga. Jioni nimesikia Mahakama Kuu imesimamisha amri ile.

Kwetu wamerudi wote wanane. Kwingine nasikia watu wameuawa tena. Kuna mama usiku huu anazunguka na picha.

Wakili, nina swali, na ukiweza nijibu hapa hapa wengine nao wasome. Ombi lile la kwenda kwa jaji, laweza kupelekwa kwa mtu aliyechukuliwa mwaka wa 2013? Daftari la mamangu nimelitoa kwenye sanduku la leso. Nambari za OB ziko nne, tarehe zote zasomeka.