Naomba ushauri: CR-V ya 2004 na eabegi za Takata

Wakuu, habari za leo. Nimepata Honda CR-V ya 2004 (kodi ya modeli RD5, cc 2000) hapa Dar, mikononi mwa mtu mmoja tangu ishushwe bandarini. Bodi safi, bei inavumilika. Kinachoninyima usingizi ni eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka ajali ikitokea.

CR-V za miaka hiyo ziliitwa zirudishwe zirekebishwe kwa sababu ya eabegi za Takata, kampuni ya Japani iliyozitengeneza. Kemikali inayozijaza huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ajali ikitokea kile kikopo cha chuma chenye kemikali hiyo kinaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande. Joto na unyevu, jamani, si ndiyo Dar yenyewe? Muuzaji anasema ilishabadilishwa Japani, karatasi hana.

Kuna aliyewahi kuingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya Honda Japani akaelewa majibu? Namba za RD5 ni fupi, si zile za tarakimu 17, na maandishi yote Kijapani. Na kama haikubadilishwa, nani hapa mjini anaiweza kazi hiyo? Fundi wangu kashauri tuichomoe tu tuzibe usukani. Sijashawishika hata kidogo.

Dogo lingine: nikikata kona kali kwa mwendo wa taratibu, nyuma inaunguruma. Nahisi mwenyewe hajabadilisha oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) siku nyingi, na hizi zinataka ile maalumu, si oili yoyote. Aliyeibadilisha, kelele iliisha?

Jumamosi natakiwa kutoa jibu.