Punda wangu anaganda njiani na hataki kuguswa miguu. Nimfundishe vipi bila fimbo?

Mkulima wa Bukwo

Habari zenu wafugaji. Nina punda dume wa miaka kama minne, nilimnunua ng'ambo ya mto Suam upande wa Kenya, na aliyeniuzia alisema amezoea mzigo. Akiwa nyumbani ni mpole, hata watoto wakimkaribia anatulia. Ila nikimfunga kamba tutoke, anakwenda hatua chache kisha anakita miguu ya mbele na hasogei tena. Nikivuta, naye anavuta. Daraja la magogo lililo chini ya shamba hataki hata kulikaribia. Na ukimgusa mguu wa nyuma, ni teke.

Majirani wote wana jibu moja: fimbo. Wananiambia asante ya punda ni mateke, basi nimuwahi. Mimi sitaki. Mnyama huyu nitaishi naye miaka mingi Mungu akipenda, na kahawa yangu iko mteremkoni ambako boda haifiki. Namhitaji anifuate kwa kuniamini. Msimu wa kuchuma unakaribia. Nianzie wapi?

Msaidizi wa Mifugo, Kapchorwa

Kabla ya kamba, mkague mwili. Punda huficha maumivu sana. Anaweza kuwa na kidonda kibaya na bado akala nyasi kama kawaida. Pitisha kiganja taratibu kutoka shingoni hadi kiunoni, bonyeza kidogo pale mzigo unapokaa, uangalie masikio na mkia wake. Angalia kwato: zikirefuka mbele, kuteremka mlima kunamuumiza, na hapo atasimama hata umfundishe nini. Kwato hupunguzwa kila baada ya wiki 6 hadi 10.

Halafu, amehasiwa?

Mkulima wa Bukwo

Hajahasiwa. Mgongoni ana mabaka ya nywele nyeupe, ila nikibonyeza hashtuki. Kwato za mbele ni ndefu kweli.

Msaidizi wa Mifugo, Kapchorwa

Nywele nyeupe ni makovu ya mzigo uliofungwa vibaya. Aliumizwa na mtu kabla yako, na hajasahau. Kwato zitengenezwe wiki hii.

Kuhusu kuhasi, mwite daktari wa mifugo mwenye dawa ya usingizi. Usikubali mtu aje na lile koleo la kuhasia mafahali. Kwa punda halifai. Mwambie pia achomwe chanjo ya pepopunda, maana jamii ya farasi na punda hupata ugonjwa huo kwa urahisi sana. Dume asiyehasiwa akinusa jike anayetaka kupandwa, kamba yako haina kazi. Akishahasiwa mtenge na majike kwa wiki 6 hivi, kwani anaweza bado kumpa jike mimba.

Mchunga Farasi

Nilifanya kazi na farasi wa watalii Jinja, kando ya Nile, sasa nafuga punda Tororo. Nakuomba sana usimvute uso kwa uso. Uzito wake ni mara mbili ya wako na zaidi. Kwa nguvu humwezi, na kila mara akishinda anazidi kujua kwamba anaweza.

Simama ubavuni, usawa wa bega lake, macho yako yaelekee mnakokwenda. Kaza kamba kidogo kwa upande, kisha subiri. Usiongeze nguvu, usilegeze. Akiegemea tu upande huo, hata kabla hajainua mguu, legeza papo hapo. Mnyama hujifunza pale kamba inapolegea, kwa sababu ndipo anapojua ni tendo gani lililomletea nafuu. Ukilegeza wakati anavuta, umemfundisha kuvuta. Ukichelewa kulegeza baada ya yeye kutii, umemfundisha kwamba kutii hakuna faida. Kwangu mimi hili ndilo fundisho lenyewe, mengine yote ni matawi yake.

Anzia uani, robo saa kwa siku inatosha, na umalizie pale alipofanya vizuri. Mfundishe kwenda, kusimama, kurudi nyuma hatua moja, na kuzungusha nyuma yake: unambonyeza ubavuni kwa kidole mpaka avushe mguu mmoja wa nyuma mbele ya mwenzake. Watu hulipuuza hili la mwisho, nami nalithamini kuliko yote. Punda unayeweza kumsogeza nyuma yake hapati nafasi ya kukugeuzia matako akupige.

Kuhusu kuganda: farasi akiogopa hukimbia, punda husimama afikiri. Asili yake ni punda mwitu wa nchi kavu zenye mawe za Pembe ya Afrika, na huko kukimbia ovyo ni kuanguka gengeni. Kwa hiyo darajani mpe muda. Hawezi kuona kilicho chini kabisa ya pua yake, mlegezee kamba ainamishe kichwa anuse magogo. Akipiga hatua moja, msifu, mkune chini ya shingo, mrudi nyumbani.

Mzee wa Kween

Vijana, mnaongea vizuri, lakini mlimani mvua ikianza, gunia liko juu ya punda na njia ni matope. Hapo utasimama ukimsubiri anuse? Sisi tulilelewa na fimbo na punda zetu walifika sokoni. Mnyama asiyejua mwenye amri ni nani atamvunja mtoto mguu siku moja.

Mama wa Kahawa

Mzee wangu, kuhusu mtoto nakubaliana nawe kabisa, na ndiyo maana silishi punda kwa mkono: akizoea kutafuta chakula vidoleni, ataanza kuuma. Amri lazima iwepo. Lakini punda aliyepigwa darajani huunganisha daraja na maumivu, na kesho ataligomea kutoka mbali zaidi. Nimewaona wengi hapa Sipi. Mafunzo hufanywa kabla ya mvua na kabla ya gunia, ili siku ya matope pasiwe na mjadala.

Ndugu wa Bukwo, kuhusu miguu, chukua fimbo ndefu ufunge kitambaa laini kwenye ncha. Mguse nacho begani, mgongoni, taratibu ushuke pajani. Akirusha teke, kitambaa kibaki palepale. Akitulia, kiondoe. Ukikiondoa wakati anapiga teke, atajua teke linafanya kazi. Siku atakapochoka kukijali, ndipo uweke mkono.

Mkulima wa Bukwo

Asanteni sana, naanza na kwato. Mzigo nao niuanzishe lini? Watu huku wanapakia gunia zima la kilo 100.

Mpakiaji wa Amu

Niko Lamu, na kwetu punda ndiye lori. Kilo 100 ni dhuluma. Punda wa kilo 150 asibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake, yaani kilo 50 pamoja na matandiko, na mlimani upunguze. Anza na magunia matupu, halafu yaliyojaa nyasi, mpaka azoee kelele na mguso. Shogi, yaani matandiko ya mgongoni ya kubebea mzigo, liwe na mito miwili, mmoja kila upande, na nafasi katikati ili uti wa mgongo usiguswe. Pande zote zilingane uzito. Mzigo unaoyumba ndio uliomletea mabaka hayo.

Msaidizi wa Mifugo, Kapchorwa

Naongezea: kamba usiizungushe mkononi hata kidogo. Tangu barabara ya kwenda Suam iwekwe lami malori yanapita kwa kasi, na punda akishtuka vidole vitakwenda naye. Ikunje, uishike mikunjo. Ukimfunga mtini, tumia fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja.

Mzee wa Kween

Haya. Nina punda jike mtu mzima, anavuka daraja lolote bila kuulizwa. Punda humfuata mwenzake kuliko anavyomfuata mtu. Ukishamhasi huyo wako na muda aliosema huyu msaidizi wa mifugo ukapita, nitumie ujumbe. Nitamleta wangu atangulie, wako aje nyuma na kamba ikiwa imelegea. Njoo asubuhi, kabla malori hayajaanza kupita.