Ulinganisho: Paranoid ya Black Sabbath au Toxicity ya System of a Down?

Kipepe_TZ
Wakuu, poleni na majukumu. Kuna ndugu yangu anakuja kutoka Uingereza, begi limeshajaa, kaniambia nichague santuri moja tu. Nataka roki nzito yenye maneno ya kuchoma: vita, serikali, wakubwa. Si mapenzi mapenzi. Nimebaki na mbili, na zote ni albamu ya pili ya bendi husika: Paranoid (1970) na Toxicity (2001). Nimezisikia juu juu kwenye simu. Nichukue ipi?

Mzee wa Rizimu
Paranoid, bila kupepesa macho. Kaa na War Pigs peke yake, karibu dakika 8. Mwanzo gitaa na besi vinajiburuza, king'ora cha kutahadharisha ndege za vita kinalia, kisha vyombo vinanyamaza na kubaki toazi la mpiga drami Bill Ward likihesabu. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, anaimba ndani ya ule ukimya. Gitaa linampigilia mapigo mawili, linanyamaza tena. Na anachosema ni kwamba majenerali wanapanga, wanasiasa wanajificha, maskini ndio wanaopelekwa kufa. Siku ya hukumu wakubwa haohao wanapiga magoti na hawasamehewi.

Vietnam ilikuwa inawaka wakati huo. Hawa walikuwa vijana wa Aston, Birmingham, watoto wa wafanyakazi. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani akiwa na miaka 17. Akayeyusha plastiki ya chupa ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akaendelea kupiga solo. Mtu kama huyo akikupigia wimbo wa wanyonge, unamwamini.

Bint Makorora
Shikamoo Mzee. Yote kweli, ila umemuuzia albamu nzima kwa wimbo mmoja. Paranoid ina nyimbo 8. Zinazoisema dunia waziwazi ni War Pigs, Electric Funeral (bomu la nyuklia) na Hand of Doom (wanajeshi wa Vietnam na sindano ya heroini). Rat Salad haina maneno, ni vyombo tu na solo ya drami. Fairies Wear Boots ni kisa cha vijana wakorofi wa mtaani na buti zao. Yeye kaomba maneno.

Toxicity haikuachi upumue. Wimbo wa kwanza, Prison Song: pigo la gitaa, kimya, pigo, kimya, mtu ananong'ona, halafu mwimbaji Serj Tankian anaanza kusoma takwimu za wafungwa wa Marekani utadhani yuko kwenye mhadhara. Hoja yake ni kwamba vita dhidi ya dawa za kulevya imejaza magereza watu wadogo, wakati wanaofaidika hawaguswi. Deer Dance nayo ni polisi na waandamanaji nje ya mkutano mkuu wa chama cha Democrats, Los Angeles, mwaka 2000. Hapo hakuna mashetani wala mifano, jambo limetajwa lilivyo.

Mzee wa Rizimu
Marahaba binti. Iron Man umemruka makusudi? Mtu kaona maangamizi yanakuja, karudi amegeuka chuma, hakuna anayemjali, mwisho anawaangamiza yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo jamii! Geezer Butler, mpiga besi, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya maneno, na alijua kuficha kisu ndani ya hadithi. Na wimbo wenyewe wa Paranoid unazungumzia mtu aliyezidiwa na mawazo. Mwaka 1970 wanaume wa viwandani hawakuwa wakiyasema hayo hadharani.

Nakuru Roki
Niongeze moja kuhusu Toxicity. Ilitoka tarehe 4 Septemba 2001, na wiki ya mashambulizi ya Septemba 11 ndiyo ilikuwa namba moja Marekani. Wimbo wake Chop Suey! ukaingia kwenye orodha ya nyimbo ambazo kampuni ya redio ya Clear Channel ilishauri vituo vyake viepuke kuzipiga. Siku mbili baada ya mashambulizi Tankian akaandika insha kuhusu mafuta na sera za Marekani kule Mashariki ya Kati, ikawekwa kwenye tovuti ya bendi, ikaondolewa. Kwa hivyo hawa walilipia maneno yao. Kura yangu iko kwa Toxicity.

fundi_spika
Mnabishana maneno, jamaa ananunua santuri. Paranoid ilirekodiwa London ndani ya siku chache Juni 1970, chini ya Rodger Bain, na unasikia nafasi kati ya chombo na chombo. Planet Caravan: tumba zinadunda taratibu, sauti ya Ozzy imepitishwa kwenye spika ya kinanda inayozunguka, inayumba kama yuko chini ya maji. Kwenye simu hiyo inapotea kabisa. Toxicity ni nyimbo 14 zilizojaa hadi juu, na hata kwa ear phone za bei rahisi unazipata.

Kipepe_TZ
Swali la aibu: Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Ipi naelewa bila karatasi ya maneno?

Bint Makorora
Kwa hilo nakubali, Ozzy. Anatamka taratibu, neno linasikika. Serj kuna mahali anatema maneno kumi kwa pumzi moja, halafu anageuka anaimba kwa huzuni kama yuko kanisani. Utahitaji karatasi. Lakini wimbo wa Aerials humo kwenye Toxicity usiukose, hata kwa simu.

Kipepe_TZ
Basi Paranoid iletwe, Toxicity nitaendelea nayo kwenye simu. Nakuru Roki usininunie.

Nakuru Roki
Sijanuna, utarudi tu.

Mzee wa Rizimu
Mwambie ndugu yako jalada lisimchanganye. Lina mtu mwenye kofia ngumu, ngao na upanga, anachomoka nyuma ya mti usiku, wala halihusiani na neno Paranoid. Albamu ilikuwa iitwe War Pigs, picha ikapigwa kwa jina hilo, jina likabadilishwa, picha ikabaki.