Boti ya mbao ya zamani: tanki la esansi moja au mawili, na niliweke wapi?

Mwana_Nguba (Bukavu)

Jambo zenu wakubwa. Baba mkwe ameniachia boti yake ya mbao, mita 5.8 urefu, mita mbili kasoro upana, ile ya kizamani yenye sitaha fupi mbele na kiti kirefu nyuma. Motere iko ndani, katikati, silinda nne, inatumia esansi. (Ndugu wa ng'ambo: huku Kongo petroli ni ya taa. Ya motere ni esansi. Msije mkanishauri mambo ya koroboi.)

Tanki la zamani lilikuwa la chuma chenye zinki, chini ya kiti cha nyuma. Juzi nimelitoa. Juu lilikuwa linang'aa, ungesema la mwaka jana. Nikaligeuza, nikagusa kwa bisibisi pale lilipokuwa limelalia ubao: bisibisi ikaingia hadi mpini. Miezi minane nimepakia watoto wangu juu ya kitu hicho.

Sasa nawaza lita 120: matanki mawili ya 60, moja kila ubavu, yaunganishwe kwa tiyo (mpira wa kupitisha esansi) moja chini ili yashuke sawasawa. Fundi wa Kadutu yuko tayari kuyachomelea kwa chuma. Jirani naye anasema niweke mbele chini ya sitaha, eti nyuma kumeshakuwa kuzito. Safari zangu ni kisiwa cha Idjwi, hapa Ziwa Kivu, na kurudi, kama saa mbili kwenda. Mnanishauri nini?

kapita_wa_mchana

Bidoni mbili za njano, kamba, maisha yanaendelea.

FundiMotere_Goma

Huyo wa bidoni umwache, yaya. Bidoni ya mafuta ya kupikia haina pumzi, yaani njia ya hewa. Jua likiwaka inavimba kama chura, motere ikivuta inanyauka, na siku kifuniko kitakapolegea utajua kwa pua.

Kabla ya kuongea matanki, motere yako inakunywa lita ngapi kwa saa kwa mwendo wako wa kawaida?

Mwana_Nguba

Kama lita 9. Nimepima mara tatu.

FundiMotere_Goma

Basi hesabu ni fupi. Kwenda 18, kurudi 18, na nyingine 18 za siku ambayo upepo umekugeukia au umekuta mtu ameharibikiwa katikati ya ziwa. Jumla 54. Tanki la lita 60 linakutosha. Lita 120 za esansi ni karibu kilo 90, yaani mtu mzima anayepanda kila siku bila kulipa. Na esansi inayokaa miezi inaharibika.

Ile tiyo ya chini ndiyo imenitisha zaidi. Ikatae kwa sababu mbili. Boti ikiinama kushoto kwa sababu mama wote wenye beseni wamehamia upande huo kuangalia kitu, esansi nayo inawafuata kwa tiyo hiyohiyo, inazidi kuinama. Halafu tiyo ikichoka au ikipasuka, matanki yote mawili yanajimwaga ndani ya boti mpaka tone la mwisho. Tanki la boti halitobolewi chini. Kila kitu kiingie na kutoka kwa juu: mdomo wa kujazia, tiyo ya pumzi, na mrija wa kuvutia unaoshuka ndani na kuishia juu kidogo ya sakafu ya tanki ili usinyonye maji na uchafu. Esansi ya kadhafi (muuzaji wa bidoni) wa barabarani unaijua, usiniambie haina maji ndani yake. Weka chujio la kutenganisha maji kabla ya pompi.

Kuhusu mbele: mbele ndiko kunakopigwa na mawimbi kuliko sehemu yoyote, mishono ya tanki itachoka. Na uzito wa mbele unabadilika njia nzima. Unaondoka pua imezama, unarudi pua iko juu, huoni mitumbwi ya wavuvi. Tanki linapaswa kuwa karibu na pale boti inapojisawazisha, juu ya mkuku (uti wa chini wa boti), ili likijaa au likiisha boti isijue. Kwako motere imeshachukua katikati, kwa hiyo ni nyuma tu ya ukuta wa motere, si kule mwisho kabisa. Liwe refu, jembamba, la chini. Sentimita 100 kwa 30 kwa 20 ni lita 60 kamili. Ndani litiwe mabamba mawili yenye matundu, esansi isikimbie kutoka ncha hadi ncha.

Liwe chini kuliko karburatere (kabureta), pompi ivute. Likikaa juu na sindano ya karburatere ikakwama, linajimwagia lenyewe usiku ukiwa umelala. Na tiyo isipite karibu na ekzosti: tuko mita 1,460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, esansi inageuka mvuke upesi kuliko kwa wenzetu wa pwani.

Dada_wa_Kilindini (Mombasa)

Kaka, pwani tuna msemo: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini kabisa maji yanapojikusanya. Wazee walikuwa na mambo yao, lakini mimi nikiusikia nawaza mvuke wa petroli (haya, esansi). Ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukatoka, unatambaa, unateremka ngamani na kulala hapo ukingoja cheche.

Nina sababu ya kusema. Nilijaza tanki, nikafunga viti vyote kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, nikawasha palepale. Nilisikia "buu" moja, si kubwa. Kifuniko cha injini kilipanda juu, kikageuka, kikaangukia majini. Nyusi zangu zilichukua miezi kurudi. Hapakuwa na uvujaji wowote, ni mvuke tu wa kujazia uliokosa pa kutokea.

Kwa hiyo mdomo wa kujazia uwe juu ya sitaha, pembeni, ili esansi ikimwagika imwagike nje. Mpira wake uwe na upana wa ndani usiopungua milimita 38, la sivyo esansi inarudi usoni. Tiyo ya pumzi angalau milimita 14, itoke nje ya ubavu, ipindwe juu kama shingo ya bata kabla ya kushuka, na iwe na wavu mdomoni. Weka feni ya kunyonya hewa kutoka ngamani, ya boti, isiyotoa cheche. Ya gari hapana. Iache izunguke dakika nne kabla ya kugusa ufunguo. Kisha inama unuse. Pua ni bure.

Mzee_wa_Gati (Bukavu)

Mwanangu, fundi wa Kadutu ni mzuri wa milango. Chuma kitupu usikubali. Lako la zinki halikuliwa na esansi, limeliwa kutoka nje na unyevu uliobanwa kati ya tanki na ubao. Ukiliweka jipya vilevile, litakufa vilevile.

Mimi nasema alumini ya boti, aina ya 5052 au 5083, unene wa milimita 3, ichomelewe na mtu mwenye gesi ya argoni. Ila usidanganyike kwamba ziwa letu halina chumvi. Maji ya Kivu yana magadi, pH (kipimo cha asidi na magadi) ya maji ya juu iko karibu 9, na alumini haipendi kukaa ikilowa ndani ya maji hayo. Usilaze tanki juu ya zulia, sponji wala mbao. Liweke juu ya vipande vya plastiki ngumu vilivyogundishwa kwenye tanki lenyewe ili maji yasiingie katikati, liache nafasi ya hewa pande zote, mkono wako upite chini. Usipoweza kuligusa, hutaliona likioza.

FundiMotere_Goma

Mzee nakuheshimu, ila argoni si kila siku inapatikana. Tanki la plastiki la boti lililotengenezwa kiwandani halishiki kutu kabisa.

Mzee_wa_Gati

Halishiki. Lakini likishanywa esansi linavimba kidogo, asilimia mbili au zaidi, na sijui mwanangu ana nafasi kiasi gani kila upande. Ikiwa finyu, litajibana lenyewe. Apime kwanza.

Mwana_Nguba

Asanteni sana. Jana jioni nimejaribu uzito kwa maji. Tanki la lita 60 likijaa ni kilo kama 54 pamoja na alumini yake, kwa hiyo nilichukua bidoni mbili za lita 20 na moja ya lita 14, nikachora mstari wa chaki ubavuni pale maji yanapofika. Bidoni zikiwa chini ya sitaha, pua ilishuka vidole vitatu na nyuma ikapanda. Mwisho wa kiti cha nyuma, kinyume chake. Nyuma ya ukuta wa motere, ilishuka nusu kidole, mbele na nyuma sawa. Mke wangu alikuwa anaangalia kutoka gati, akauliza kama nimeanza kuuza maji.

Nimepata mwenye argoni. Anataka kulipima kama linavuja kwa kompresa ya kujaza upepo magurudumu.

Mzee_wa_Gati

Mwambie hapana! Litavimba kama mto. Bar 0.2 tu, pampu ya baiskeli na saa ndogo ya presha, dakika tano, sabuni kwenye kila mshono. Na lile la zamani asiliguse kwa moto, hata likioshwa.

kapita_wa_mchana

Zile bidoni tatu bado unazihitaji?