Herufi EAR&H kwenye taa ya babu zina maana gani?

MjukuuWaGadi:
Wazee wa reli, shikamooni. Babu yangu alikuwa gadi wa garimoshi, akiishi Voi. Aliandikwa kazi 1946. Kwenye sanduku lake tumekuta taa ya mkono ya mafuta, ubavuni imegongwa EAR&H, na kifungo cha koti chenye KUR&H. Babu hakuwahi kubadilisha mwajiri. Mbona majina mawili?

FundiKarakana72:
Marahaba mjukuu. Babu hakuhama, shirika ndilo lililobadilika jina yeye akiwa kazini. KUR&H ni Reli na Bandari za Kenya na Uganda. Tarehe 1 Mei 1948 iliunganishwa na reli ya Tanganyika, ikawa EAR&H, Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Kifungo basi ni cha koti lake la mwanzo. Kwenye taa itazame hiyo H, ni ya bandari. Mwaka 1969 bandari zilipewa shirika lake, reli ikabaki EAR tupu. Kwa hiyo taa yako ni ya kati ya 1948 na 1969.

Mimi niliingia karakana ya Tabora 1972, nikazikuta herufi EAR. Jumuiya ilipovunjika 1977 tukaambiwa tuzifute kwenye mabehewa, tuandike TRC, Shirika la Reli Tanzania. Brashi nilishika mwenyewe. Rangi mkono mmoja haikutosha: jua la alasiri likipiga ubavuni, EAR ilichomoza chini ya herufi mpya. Niliumia sana siku ile, na bado naumia.

Taa usiisugue kwa msasa, utakula kingo za herufi. Kitambaa laini na mafuta ya taa kidogo yanatosha.

BintiUpare:
Ukifika Nairobi ingia makumbusho ya reli. Kuna injini mbili za mvuke aina ya Garratt, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, zilizoundwa na Beyer Peacock kule Manchester. Za aina hiyo zilikuwa 34, kila moja ikabeba jina la mlima. Shengena ni mlima wetu wa Upare. Niliposoma jina lile ubavuni mwa chuma kikubwa namna ile, machozi yalinitoka. Zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, zikipita hapo hapo Voi.

MjukuuWaGadi:
Dada, nimemsomea mama jibu lako akanyamaza kabisa. Babu akirudi alfajiri alikuwa akisema, "Leo nimeshuka na Shengena." Mama miaka yote alijua ni jina la dereva.