Kwenda Barbuda kwa mashua ya matanga: mtu wa pwani yetu ajihadhari na nini?

Swali
Ndugu zangu, mwezi Februari mimi na wenzangu watatu tumekusudia kukodi mashua ya matanga huko Antigua, kisiwa cha Karibi, na kuvuka hadi kisiwa jirani cha Barbuda, tukakae siku nne. Bahari niliijulia Kilifi, kwa hiyo matumbawe si mageni kwangu. Lakini kisiwa hicho, nasikia, kimezungukwa na miamba iliyovunja meli nyingi. Nijihadhari na nini hasa?

Jibu la 1
Jihadhari na mazoea yako. Kilifi maji ya bamvua hupanda kwa zaidi ya mita 3, na nahodha aliyekwama juu ya fungu husubiri tu yajae yamwinue. Barbuda tofauti ya kujaa na kupwa kwa kawaida haifiki hata nusu mita, kwa hiyo ukikwama umekwama. Tena maboya ya huko ni kinyume cha yetu: ukiingia bandarini kutoka baharini, boya jekundu huliacha mkono wa kulia, ilhali kwetu huachwa kushoto.

Jibu la 2
Mwenzangu amesema kweli. Naongeza kwamba sehemu ya juu kabisa ya Barbuda haifiki mita 50, hivyo hutaiona mpaka uwe karibu mno na miamba yake. Kutoka ncha ya kaskazini ya Antigua ni takriban maili 30 za baharini, upepo wa mashariki ukikupiga ubavuni. Ng'oa nanga alfajiri ili ufike jua likiwa utosini, maana hapo ndipo rangi ya maji huonyesha kina. Upande wa magharibi una mchanga na nanga hushika, ila mawimbi makubwa ya kaskazini yakiingia, kama yanavyofanya miezi hiyo, kushuka ufukweni kwa kidau ni kutafuta kuzama.

Jibu la 3
Vyakula nunueni Antigua. Kijiji ni kimoja tu, Codrington, na kimbunga Irma cha Septemba 2017 kiliharibu nyumba nyingi kiasi kwamba wakazi wote walihamishwa. Kwenye wangwa wake msikose kuwaona ndege weusi ambao madume huvimbisha kifuko chekundu kooni wakiita majike. Februari bado wako kwenye viota, na mwenyeji mwenye boti ndiye huwapeleka wageni.

Mwuliza swali
Nawashukuru. Hilo la maboya sikulijua hata kidogo, nami ndiye niliyepangiwa usukani.