AFCON ya timu 24 ingekuwapo tangu zamani, Taifa Stars ingefuzu mara ngapi?

Mzawa_wa_Uyole:

Ugonile wadau. Hapa Mwanjelwa ubishi hauishi. Upande mmoja unasema Stars inafuzu siku hizi kwa sababu tu CAF ilipanua fainali kutoka timu 16 hadi 24, kuanzia zile za Misri 2019. Upande wa pili unasema hata nafasi zingekuwa 24 tangu enzi za kocha Maximo, tusingetoboa. Wenye kumbukumbu za makundi, naomba mnisaidie mambo mawili. Tukiyapima matokeo yetu ya zamani kwa nafasi 24, tunapata nini? Na tukirudisha nafasi 16, kufuzu kwetu kwa 2019, 2023 na 2025 kunabaki? Nataka pointi, hisia tunazo za kutosha.

Mkwawa_wa_Kihesa:

Kamwene mkuu. Kwa kila mchujo anza kuangalia makundi yalikuwa mangapi, mwenyeji alikuwa ndani au nje ya makundi, na kama kuna kundi lililobaki na timu tatu baada ya mtu kujitoa. Wengi huchukua "wawili wa juu kila kundi" wakaishia hapo, ndiyo maana majibu yao hayafanani.

Mchujo wa 2008, fainali zikiwa Ghana: makundi 12, na Ghana haikucheza mchujo. Walipita vinara 12 na washindi wa pili bora watatu. Ukiweka timu 24, nafasi za kugombea ni 23: vinara 12 na washindi wa pili 11. Anayebaki nje ni mshindi wa pili mmoja tu, yule dhaifu kuliko wote.

Kundi letu liliisha hivi: Senegal 11, Msumbiji 9, Tanzania 8, Burkina Faso 4. Stars iliifunga Burkina Faso nyumbani na kwao, ikatoa sare Maputo, ikatoka 1-1 na Senegal pale Kirumba. Ikabaki mechi ya Septemba 8, 2007, Uwanja mpya wa Taifa, na Msumbiji wakaondoka na ushindi wa 1-0. Ile mechi ingeisha sare tu, Stars inafikisha 9 na Msumbiji wanabaki na 7. Nafasi ya pili ingekuwa yetu, na katika hesabu ya nafasi 23 hiyo ni tiketi mkononi isipokuwa tu kama washindi wa pili wengine wote 11 wangetuzidi.

Mchujo wa 2010 uliunganishwa na ule wa Kombe la Dunia. Kundi letu la hatua ya pili: Kameruni 16, Cape Verde 9, Tanzania 8, Morisi 1. Hiyo pointi moja ya Morisi waliipata wapi? Kwetu, Dar es Salaam, sare ya 1-1 Mei 31, 2008. Baadaye Stars iliwachapa 4-1 kwao, ikaifunga Cape Verde 3-1, ikatoka 0-0 na Kameruni yenyewe. Ungeifunga Morisi nyumbani, una pointi 10 na Cape Verde unaiacha nyuma. Makundi yalikuwa 12, kwa hiyo wawili wa kila kundi wangetimiza 24 barabara.

2012 haina mjadala: Moroko 11, Algeria na Afrika ya Kati 8 kila moja, sisi wa mwisho na 5. 2017 ni kundi la kuangalia kwa makini, kwa sababu Chad ilijitoa katikati na matokeo yake yote yakafutwa, pamoja na ushindi wetu dhidi yake. Ikabaki Misri 10, Nigeria 5, Tanzania 1. Hata nafasi zingekuwa 24, Nigeria ilikuwa mbele yetu.

Kwa matokeo yalivyo kwenye vitabu, jibu la swali lako la kwanza ni sifuri. Lakini mara mbili tulikosa kwa mechi moja, na zote mbili tulichezea nyumbani.

Parachichi_Njombe:

Nyongeza kwa kaka wa Kihesa. 2013 na 2015 usizitafute kwenye makundi, hatukufika huko. Mchujo wa 2013 ulikuwa wa mtoano: washindi 15 wa raundi ya mwisho pamoja na mwenyeji Afrika Kusini. Ukitaka timu 24 unaongeza 8 kati ya 15 zilizotolewa raundi hiyo ya mwisho. Stars ilitoka kabla yake, sare 1-1 nyumbani, 1-1 Maputo, kisha penalti. Mpinzani? Msumbiji. 2015 tuliitoa Zimbabwe, tukaja kutolewa tena na Msumbiji, 2-2 nyumbani na 2-1 kwao, hatua moja kabla ya makundi.

Mtoano haukuwekei akiba ya pointi. Mbeya mnalijua hilo, Mbeya City ilivyoshushwa na Mashujaa mwaka 2023 kwa mechi mbili tu baada ya msimu mzima wa ligi. Ndiyo maana mimi nasema kilichotusaidia zaidi ni mchujo kuwa wa makundi kwa timu nyingi: unapata mechi sita na nafasi ya kurekebisha. Na bado si zawadi. Mchujo wa 2021 nafasi zilikuwa 24 tayari, tukashika ya tatu: Tunisia 16, Guinea ya Ikweta 9, Tanzania 7, Libya 3.

Kitulo_Bustani:

Nijibu la pili, kurudi nyuma hadi 16.

2019: Uganda 13, sisi 8, Lesotho 6, Cape Verde 5. Kwa mfumo wa 16 na makundi 12, wanapita vinara, mwenyeji, na washindi wa pili bora watatu. Afrika Kusini na Mauritania walikuwa na 12 kila mmoja, Ivory Coast 11. Nafasi zimekwisha. Burundi na Madagaska wenye 10 wangebaki nje, sembuse sisi wenye 8. Na Madagaska ndiyo hao walioifunga Nigeria 2-0 wakafika robo fainali kwa mara yao ya kwanza kushiriki. Anayesema upanuzi unaleta timu za kujaza nafasi aanze kulijibu hilo.

2023: Algeria 16, sisi 8, Uganda 7. Guinea-Bissau ilikuwa ya pili kwenye kundi lake na 13, Gambia na Msumbiji 10 kila moja. Tungebaki nje.

2025 ndiyo tamu. DR Congo 12, sisi 10, Guinea 9, Ethiopia 4. Mwenyeji Moroko alikuwa kinara wa kundi lake, kwa hiyo kwa nafasi 16 zinabaki nne za washindi wa pili. Uganda 13, Ivory Coast 12, Msumbiji 11: hao watatu hawagusiki. Nafasi ya nne wanaigombea wenye pointi 10, yaani Tunisia, Burkina Faso, Gabon na Tanzania, kwa tofauti ya mabao. Stars ilifunga 5 ikafungwa 4, tofauti ni moja. Ukiwa na moja unasubiri wengine wavurunde. Ile 0-0 ya nyumbani na Ethiopia ndiyo ya kujutia: ushindi pale unakupa 12, na nafasi ya nne haina mwingine.

Mzawa_wa_Uyole:

Nimewapata vizuri wakuu, naona sare za nyumbani zinajirudia kila mahali. La mwisho: ndani ya fainali zenyewe, ule utaratibu wa mshindwa bora, yaani baadhi ya timu za tatu kwenye makundi kupita, umebadilisha nini?

Mkwawa_wa_Kihesa:

Umebadilisha bingwa. Ivory Coast 2023 ilifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta nyumbani kwake, ikamaliza ya tatu na pointi 3, ikapita kama mshindwa bora, ikachukua kombe. Kwa makundi manne ya zamani, ambayo wa tatu anarudi nyumbani, kikosi hicho kilikuwa kimekwisha.

Kwa timu 24 kuna makundi sita, na wa tatu wanne kati ya sita wanapita. Wanapangwa kwa pointi, kisha tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga. Matokeo ya wao kwa wao hayahusiki kwa sababu hawakukutana. Stars kule Moroko: ilifungwa 2-1 na Nigeria, 1-1 na Uganda, 1-1 na Tunisia. Pointi 2, mabao 3 kwa 4. Angola nao pointi 2, mabao 2 kwa 3. Tofauti kwa wote ni hasi moja, Stars ikapita kwa kufunga bao moja zaidi, ikaenda kukutana na Moroko na kutolewa 1-0. Kwa hiyo lile bao la kusawazisha dhidi ya Tunisia lilifanya kazi mbili: bila hilo una pointi 1, na Angola anapita wewe ukipanga mizigo.